Gari Halisemi Bismillahi

Nianze na ujinga wenyewe, maana ndio mlango wa habari hii. Nilimfunga mbawala aliyekwisha kufa mshipi wa kuvulia samaki, kwenye mguu wa nyuma, nikajilaza kwenye nyasi hatua kumi hivi kutoka hapo, na Mchinjaji alipopitisha kisu, nikauvuta. Mguu ukapiga teke. Watu wakatoa takbiri. Mimi nikaling'ata shati langu nisicheke, na shati halikutosha.

Yule mbawala alikuwa amekufa robo saa nzima. Nilikuwapo akikata roho. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na shuleni nimechapwa kwa kuchekesha watu mara nyingi kuliko kwa kufeli, ingawa kufeli nako sikuzembea. Nasema haya ili ujue ni nani anayekusimulia habari za mzee huyu, na kwa nini angefaa kusimuliwa na mtu mwingine.

Sote tulimwita Mchinjaji. Nadhani alikuwa na jina, kila mtu analo, lakini sikuwahi kumsikia mtu akilitumia isipokuwa nesi wa zahanati, na siku hiyo mzee mwenyewe hakugeuka alipoitwa.

Kijiji chetu kimekaa kando ya barabara kuu, mbele kidogo ya Msambweni ukielekea Lunga Lunga, msitu upande mmoja na mashamba ya miwa upande wa pili. Mnyama anayetoka msituni kufuata miwa sharti avuke lami, na trela za miwa hazina breki za huruma. Paa, funo, mbawala, kanga, mara mojamoja nguruwe mwitu. Serikali inasema mnyama wa porini ni wake, awe mzima au awe bapa kama chapati, na ukikutwa na paja lake unakwenda ndani. Dini inasema mnyama aliyekufa bila kuchinjwa ni kibudu, na kibudu hakiliwi. Sasa katikati ya serikali na dini kulikuwa na dakika chache, mnyama bado anahema, na askari bado hawajapata habari. Dakika hizo zilikuwa za Mchinjaji.

Alikuwa akiletwa na Salimu wa bodaboda. Simu ikipigwa, Salimu aliacha abiria hata kama ni mama mjamzito, akaenda kumchukua. Mzee alikaa upandeupande kwa ajili ya kikoi, mkono mmoja begani kwa Salimu, mwingine umekibana kisu kifuani, kimefungwa katika kipande cha leso kuukuu. Hakuwahi kusema harakisha. Salimu ndiye aliyekuwa na haraka, maana yeye alipewa mkono wa mnyama kwa ajili ya mafuta ya pikipiki. Mchinjaji hakuchukua kitu. Harusini alichukua shingo, kama wachinjaji wote. Cha barabarani hakukigusa. Mama alimpelekea bakuli kila mara, na kila mara bakuli lilirudi limeoshwa, limejaa ndimu kutoka mti wake, na salamu. Nilimuuliza siku moja kwa nini hali. Akasema, "Anayetoa hukumu asiwe na njaa ya jambo lenyewe." Nikamwambia basi angekuwa refa wa mpira, timu yetu ingepumua. Alicheka kwa pua tu.

Namna yake ya kupima ilikuwa hii. Kisu hakukigusa kwanza. Alichuchumaa, akalowesha kidole kwa mate, akagusa ukope wa mnyama. Ukipepesa, bismillahi. Usipopepesa, aliweka kiganja ubavuni, upande usiogongwa, akatulia kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Akiwa na shaka alichinja, kisha akasimama kutazama mambo mawili, damu na mguu. Damu ikiruka na mguu ukipiga, uhai ulikuwamo. Damu ikitambaa na mguu ukilala, alifuta kisu kwenye majani na kusema neno moja tu.

"Kibudu."

Hapo hata ungekuwa nani. Kuna bwana mmoja mwenye pikapu, ana duka la vifaa vya ujenzi Ukunda, alimgonga funo mwenyewe na akapiga simu mwenyewe. Alikuwa amekwisha kutandika turubai nyuma ya gari. Mchinjaji alipotamka neno lake, yule bwana akashika kiuno.

"Lakini mzee, si alikuwa anahema nilipokupigia?"

"Alikuhemea wewe. Mimi nimemkuta kimya."

"Dakika tano tu, mzee wangu. Na nimemuua mimi mwenyewe kwa gari langu, si kwamba kaokotwa."

"Gari halisemi bismillahi, bwana."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake kubwa. Alilisema kwa madereva, kwa mabwana wa pikapu, kwa mashangazi waliokuja na ndoo. La pili lilikuwa "upande wa gari ni wa gari", yaani ule ubavu uliogongwa, wenye damu iliyovilia na vipande vya mifupa, ukatwe utupwe, hata nyama iwe inapendeza vipi. Watu wengine walimpitia nyuma na kuokota upande wa gari, wakaenda kuuloweka kwa siki. Wakaharisha siku mbili, na hawakusema wameharishwa na nini.

Akishasema kibudu aliongeza, "Asiye wetu na achukue," kisha akageuka na kuuangalia msitu, mikono nyuma, mpaka waliochukua wamekwisha kuondoka. Hakutaka kujua nani kachukua, ili askari wa wanyama akimuuliza asilazimike kusema uongo. Waliochukua walikuwa jamaa zetu wa bara ya Kinango, Wakristo na wasio na dini ya kitabu, watu wasio na neno na mnyama mfu. Na ukweli uliopo, siku ya kibudu wengi wetu tulikumbuka ghafla kwamba tuna marafiki Wakristo, na kwamba hatujawatembelea siku nyingi, hasa wakati wa chakula cha mchana.

Kwetu alipopikwa mnyama halali, mama alifunga dirisha la jiko na kutupia papa mkavu kwenye makaa. Harufu ya papa inaua harufu zote za dunia, na hakuna askari anayebisha hodi nyumba inayonuka hivyo. Nyama ya porini haina mafuta, ni ngumu kama ahadi za wanasiasa. Mama aliikata vipande, akaipaka papai bichi lililopondwa, akaiacha mpaka adhuhuri. Kisha tangawizi, kitunguu saumu, ukwaju, ikachemka mpaka uanze kukata tamaa, halafu tui. Tui la kwanza mwishoni, asikosee mtu akalitia mapema. Tulikula na sima, tukila huku tunanuka papa, na mlango umefungwa, kama wezi wenye adabu.

Mzee huyu alikuwa na mambo ambayo hayakuingiana. Mtu aliyepima uhai wa paa kwa unywele wa ukope aliiba kete za bao mchana kweupe. Ukimkamata alisema kete imeteleza. Mtu aliyechinja ng'ombe wanne harusi moja kabla ya chai alianguka zahanati alipodungwa kidole kupimwa malaria, nesi akamuita kwa jina lake na yeye hakuitika, yuko sakafuni. Na mbuzi wake wa Idd alimwita mtu kutoka Waa aje amchinje, maana yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kumpa jina, na siku ile alikwenda shambani kulima mahali palipokwisha kulimwa.

Na macho yake. Miaka miwili mitatu ya mwisho, jicho la kulia lilikuwa na wingu jeupe, la kushoto likaanza kulifuata. Hakumwambia mtu. Mimi nilijua kwa sababu ya bao. Mwizi wa kete akianza kuiba kete zake mwenyewe, ujue haoni.

Sasa wiki mbili kabla ya ujinga wangu, paa aligongwa karibu na kituo chetu cha maji. Mimi ndiye niliyemuona, mimi ndiye niliyekimbia kumtafuta Salimu, nimevaa sare ya shule, jasho hadi kwenye soksi. Mchinjaji akaja, akagusa ukope, akaweka kiganja, akachinja, akangoja.

"Kibudu."

"Babu, mimi nimemuona akipepesa. Wallahi."

Akanielekezea uso, si macho hasa, uso. Watu walikuwa kama thelathini. "Wewe," akasema, "unaona unachotaka kula."

Wakacheka wote. Alicheka Juma, rafiki yangu wa dawati moja. Alicheka Salimu mpaka akaegemea pikipiki. Mimi nimezoea kuwacheka watu, na sijui mcheshi gani anapenda kuchekwa. Nilirudi shule nikachapwa kwa kuchelewa, na usiku nikala mchicha. Lile neno nikalala nalo.

Mwaka ule mahindi yalikauka yakiwa na masharubu. Watu walikuwa wakipika mchana mlo mmoja na kuuita miwili. Asubuhi ya Jumamosi, jua ndio kwanza linapanda, trela ikampiga mbawala dume, mkubwa, mwenye pembe, pale miwa inapoanza. Mimi na Juma tulikuwa tunatoka kuvua mkononi mwa bahari, upande unaotazamana na Funzi, tumepata visamaki vitatu vya kuaibisha. Tulimkuta anahema. Nikampigia Salimu. Salimu akasema pikipiki ina pancha, anaziba, nimpe dakika kumi. Mbawala hakumpa dakika kumi. Alinyoosha shingo, akatoa pumzi moja ndefu, basi.

Watu wameanza kuja. Wamama wamekuja na masufuria kabisa, wengine wamebeba watoto. Kutoka mbali nikaisikia pikipiki.

Juma akaniambia, "Kwisha. Twende zetu."

Nikamwambia, "Ngoja uone. Leo tutamuonyesha nani anaona anachotaka." Nikatoa mshipi mfukoni, ule wa nailoni mwembamba usioonekana, nikamfunga mbawala juu ya kwato, nikaupitisha kwenye nyasi. Juma akatoa simu yake. Yeye akajificha kwenye miwa arekodi, mimi nikalala chini. Tulikuwa tumepanga kumwambia mzee palepale, baada tu ya yeye kusema halali, mbele ya watu wote, ili naye achekwe. Huo ndio ulikuwa mpango, naapa. Kumwambia palepale.

Mchinjaji akashuka. Akagusa ukope. Akaweka kiganja, akakaa nacho muda mrefu kuliko siku zote. Akachinja. Damu ikatoka taratibu, na nikaona mabega yake yakishuka, ile namna anavyoshuka kabla ya kusema neno lake. Nikavuta. Mguu ukapiga mara mbili. Wamama wakapiga vigelegele, na mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akakaa chini akalia.

Mzee akasema, "Alhamdulillahi. Halali." Na sauti yake ilikuwa na furaha sijawahi kuisikia.

Sikusema kitu. Ungesema wewe? Yule mama bado analia pale chini, na visu vimekwisha kutoka. Nikaukata mshipi kwa meno, nikazunguka kupitia kwenye miwa, nikaja mbele nikiwa na uso wa mtu aliyefika sasa hivi. Nikapewa paja nimpelekee mama. Tulikula. Nyama ilikuwa tamu, sitakudanganya kwa hilo. Bakuli la Mchinjaji likarudi na ndimu.

Juma aliapa kuwa atafuta ile video. Akaifuta kweli, baada ya kumtumia binamu yake. Ijumaa ilikuwa kwenye kila simu kutoka Msambweni mpaka mpakani. Mimi sionekani. Unamuona mzee, unaona mguu, na jua linaupiga mshipi unang'aa kama utando wa buibui, unaingia kwenye nyasi na kupotea. Na kuna kicheko, kimebanwa na shati, kama mbuzi mwenye mafua. Hakuna aliyekijua. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Baada ya sala ya Ijumaa walimzunguka nje ya msikiti. Nilikuwa nyuma, viatu mkononi. Mwenye simu akamwekea. Mzee akasema rudia. Akarudia. Akasema tena.

"Uzi wenyewe uko wapi?"

"Huo hapo, babu. Unang'aa."

"Wapi?"

Mtu akamshika kidole, akakiweka juu ya kioo cha simu. Hapo ndipo wote walipojua habari ya macho, na nadhani hilo lilimuumiza kuliko lile la kwanza. Mtu mmoja akasema, si kwa ukali, akasema tu kama anayefikiri, "Kwani ni mara ngapi? Hii ndiyo tumeiona. Tusizoziona je?" Na mwingine, "Anayepewa mkono wa mnyama kila siku ni nani?"

Mchinjaji akageuka. "Salimu. Ni wewe?"

Salimu alifungua mdomo, akaufunga. Miaka yote ile mzee kamshika begani. Alimtazama mzee kama mtu aliyepigwa na asiyemtazamia, akapanda pikipiki yake, akaondoka. Watu wakasema, mnaona? Asiye na hatia angejitetea.

Mimi nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Nilivaa viatu vyangu. Kiatu cha kushoto nilikivaa mguu wa kulia, nikatembea hivyohivyo mpaka nyumbani.

Baadaye nikafanya kile ninachokijua. Shuleni nikamwita Mzee Rimoti. Nikaonyesha jinsi anavyochinja huku anabonyeza vitufe. Darasa zima chini. Jina likatoka shule, likafika sokoni, mpaka watoto wa chekechea wakimuona wanabonyeza vidole hewani. Nilidhani kama kila mtu atacheka, jambo lenyewe litakuwa dogo. Halikuwa dogo. Kila nyumba ilianza kujiuliza ilikula nini miaka yote. Kuna mzee aliyefunga mwezi mzima kwa nyama aliyokula kabla mimi sijazaliwa.

Hakuna aliyemwambia Mchinjaji asichinje tena. Hilo ndilo jambo linaloniuma zaidi kulikumbuka, kwamba hakuna aliyemwambia. Ilikuja harusi, nyumba ya tatu kutoka kwake. Asubuhi napita na ndoo ya maji nikamuona amekaa kibarazani, amevaa kanzu safi, kisu kimenolewa kiko mapajani, leso imekunjwa vizuri. Anangoja kuja kuchukuliwa. Nikamwamkia. Akaitikia, akauliza, "Wamekutuma?"

"Hapana, babu."

"Watakuja. Bado mapema."

Nyuma ya ua, nyumba ya tatu, ng'ombe akatoa ule mlio, halafu akanyamaza. Kisha wa pili. Walikuwa wamemleta mchinjaji mwingine kutoka Msambweni. Mzee akakaa vilevile, akisikiliza, kama alivyosikiliza mbavu za wanyama. Alipomaliza kusikiliza akaingia ndani. Mwezi haukuisha akahamia Majoreni kwa binti yake. Sisi tulioila ile nyama tumebaki kijijini. Yeye ambaye hakuionja ndiye aliyehama.

Nilimuona tena likizo iliyopita. Mama ndiye aliyenituma, unga na nazi kumi, na nilishangaa kwa nini mimi, wakati kuna watu wanakwenda Majoreni kila siku. "Nenda wewe," akasema, na hakueleza. Aliyenipeleka ni Salimu, mama alikuwa amempangia. Tulipofika penye njia ya kuingia nyumba ile akazima pikipiki. "Mimi naishia hapa. Si unajua."

Nilimkuta mzee anakula changu wa kuchoma na sima, anachambua miiba kwa vidole, macho yote mawili meupe sasa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nani?"

Nikataja jina la mama.

"Aa, mtoto wa mama wa mahamri. Umekuja na njaa au na salamu?"

"Na unga, babu. Na nazi."

"Karibu ule. Huku nimestarehe. Samaki haulizwi. Amepepesa, hakupepesa, katoka majini, analiwa."

Nikakaa. Nilikuwa nimetunga mzaha wa kuanzia, njia nzima naupanga. Ukaniishia. Nikasema, "Babu, ule mshipi niliuvuta mimi."

Aliendelea na miiba. "Mshipi," akasema. "Mimi nilikuwa nikisema uzi."

"Mshipi wa kuvulia. Nilitaka wakucheke. Nilitaka kusema palepale, nikashindwa."

Alifukuza nzi juu ya sahani. "Damu yake ilikuwa inatambaa," akasema. "Niliijua kwa mkono, nzito kama uji. Mkono uliniambia kibudu. Kisha mguu ukapiga, na watu wakatoa takbiri, na masufuria nayasikia, na watoto. Nikautaka ule mguu, mwanangu. Nilikuambia siku moja wewe unaona unachotaka kula. Mimi sikula, na niliona vilevile."

Nikasema, "Hata hivyo, babu, kwa umri wako kupiga rimoti..."

"Usinichekeshe leo."

Kisu chake nilikuwa nimekitafuta kwa macho tangu nilipoingia. Nikamuuliza kiko wapi. Akasema binti yake anaparia magamba ya samaki.

"Umekuja na nani?"

"Na Salimu. Amekataa kuingia."

Aliinuka hata mikono hajanawa. Akatoka akipapasa ua wa makuti, akafuata njia mpaka kwenye pikipiki, akaishika usukani. Sikusikia alichosema. Nilimuona Salimu anaangalia mbele, anaangalia mbele tu, halafu akainamisha kichwa juu ya mkono wa mzee, ule wenye mafuta ya samaki. Walikaa hivyo. Kisha pikipiki ikawaka, ikaondoka.

Mzee akarudi polepole. "Utarudi kwa miguu," akasema. "Si neno langu, ni la Salimu." Akakaa. "Mama yako alikula?"

"Alikula."

"Basi yeye umwambie leo. Wengine, ukitaka waambie, usipotaka acha. Mimi huko sirudi hata wakinijia na ngoma." Akaivuta sahani yake. "Nimemfikiria vibaya mtu mwema mwaka mzima, na nilikuwa nikiswali naye safu moja. Hilo ndilo ulilonipa. Nenda, jua litakuwa kali."

Nilitembea mpaka barabara kuu, na kutoka hapo nikadandia trela ya miwa, moja ya zilezile. Nilifika nyumbani mavumbi mpaka kwenye nyusi. Mama alikuwa uani anakuna nazi. Kando yake kuku amefungwa kamba mguuni kwenye kigingi, anavuta, anarudi, anavuta. Nikamwambia yote, tangu mshipi mpaka kwa Salimu, sikuweka mzaha hata mmoja. Hakuacha kukuna. Nilipomaliza akakung'uta mbuzi ya kukunia, akafuta mikono kwenye leso, akaingia jikoni, akatoka na kisu. Akakiweka mbele ya miguu yangu, akasema hivi:

"Kile kicheko nilikijua siku ya kwanza, nimekizaa mimi. Nilikuwa nangoja nione kitakaa kimya mpaka lini, na mimi pia Mungu ataniuliza nilingoja nini. Haya, chukua kisu, kuku huyo hapo. Si wewe unayejua aliye hai na aliyekufa?"